Tamasha la siku moja au mikutano ya kila wiki? Jibu kwa kikundi cha Mbagala kuhusu sanaa na afya

Swali: Msomaji wetu wa Mbagala, wilayani Temeke, jijini Dar es Salaam, ambaye ni katibu wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, ameandika: "Kampuni moja imetuahidi fedha za kufanya tamasha la sanaa na afya mtaani kwetu. Wanapendekeza siku moja, jukwaa kubwa, msanii mwenye jina na turubai la kupimia presha na sukari. Wenzangu wamefurahi, lakini mimi nina wasiwasi. Je, ngoma na nyimbo zinasaidia afya kweli, au ni burudani tu iliyopewa jina la afya? Na kama zinasaidia, fedha hizi tuzitumieje?"

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, dada, nami nitaanza na jibu lenyewe kabla ya sababu zake. Sanaa inayofanywa na watu kwa pamoja, mara kwa mara, karibu na wanapoishi, inasaidia afya, na ushahidi wake ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Lakini tamasha la siku moja, ambalo watu husimama kumtazama msanii aliyeletwa jioni na kuondoka usiku huohuo, lina manufaa madogo sana ya kiafya hata likijaza uwanja. Kwa hiyo ningemwomba mfadhili akubali fedha zilezile zigawanywe katika mikutano ya kila wiki kwa muda wa miezi mitatu, na siku ya jukwaa iwe ya mwisho, iwe ndogo, na ionyeshe kazi zenu wenyewe.

Nianze na ushahidi, kwa sababu bila shaka mfadhili atauliza, na mganga mfawidhi wa zahanati yenu naye atauliza. Mwaka 2019 ofisi ya kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha mapitio yaliyoandaliwa na Daisy Fancourt na Saoirse Finn, yaliyojumuisha matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu uhusiano wa sanaa na afya, tangu makuzi ya watoto hadi huduma kwa watu wanaokaribia mwisho wa maisha. Tafiti hizo hazilingani kwa ubora, nyingine zilihusisha watu wachache sana, na waandishi wenyewe walilisema hilo. Hata hivyo mwelekeo wa jumla unaonekana wazi, hasa katika sonona, wasiwasi, upweke na afya ya wazee.

Mwaka huohuo Fancourt na mwenzake Andrew Steptoe walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 6,710 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na kuendelea kwa takriban miaka 14. Waliokuwa wakienda kwenye makumbusho, maonyesho ya sanaa, tamthilia au muziki wa ukumbini angalau kila baada ya miezi michache walikuwa na hatari ndogo ya kufariki katika kipindi hicho kwa asilimia 31 wakilinganishwa na wasiokwenda kabisa, na waliokwenda mara moja au mbili tu kwa mwaka hatari yao ilikuwa ndogo kwa asilimia 14. Usizichukue takwimu hizi kama ahadi, kwa sababu mwenye afya na mwenye fedha ndiye anayeweza kwenda ukumbini kwa urahisi, na ingawa watafiti walizingatia kipato, maradhi na uwezo wa kutembea, na uhusiano ule haukutoweka, uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba sanaa ndiyo iliyorefusha maisha. Ninachotaka ukione ni kwamba tofauti iliongezeka kadiri watu walivyokwenda mara nyingi zaidi, na jambo hili la kurudia tutalikuta tena mbele.

Ushahidi unaonivutia zaidi ni ule wa majaribio, ambamo watu hugawanywa kwa bahati nasibu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la London lililowahusisha akina mama 134 waliokuwa na dalili za sonona baada ya kujifungua. Baadhi yao waliimba pamoja na watoto wao kila wiki kwa wiki 10, wengine walikutana kwa michezo ya ubunifu isiyo ya nyimbo, na wengine waliendelea na huduma zao za kawaida. Miongoni mwa waliokuwa na dalili za wastani au kali, walioimba walipata nafuu mapema kuliko waliobaki na huduma za kawaida, ingawa mpaka mwisho wa kipindi makundi yote yalikuwa yamepiga hatua. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, kupata nafuu wiki chache mapema ni jambo kubwa, kwa sababu wiki hizo ndizo mtoto anazojifunza uso na sauti ya mama yake.

Jaribio la karibu zaidi na maisha yetu lilifanyika Gambia. Huko kuna vikundi vya wanawake viitwavyo kanyeleng, ambavyo kwa desturi ni vya wanawake waliotaabika kupata watoto au waliofiwa na watoto, na kazi yao katika jamii ni kuimba, kucheza na kuchekesha watu kwenye sherehe na pia katika kampeni za afya. Watafiti walishirikiana na vikundi hivyo kuwakutanisha wajawazito kwa nyimbo mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 6, na katika utafiti uliohusisha wajawazito 124, walioshiriki walionyesha kupungua kwa dalili za wasiwasi na sonona kuliko wasioshiriki. Hakuna msanii maarufu aliyekodiwa. Walioongoza ni wanawake wa palepale, kwa nyimbo ambazo kila mmoja alizijua au angeweza kuzidaka papo hapo, na kwa gharama ambayo kikundi chenu kinaweza kuimudu.

Sasa, ni kitu gani hasa kinachofanya kazi hapo? Sehemu yake imo mwilini. Anayeimba hulazimika kuvuta pumzi haraka na kuitoa taratibu kwa muda mrefu, na utoaji mrefu wa pumzi hupunguza kasi ya moyo. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2013 kwamba waimbaji wa kwaya wanaopumua pamoja kwa kufuata wimbo, mapigo ya mioyo yao nayo huanza kupanda na kushuka kwa pamoja. Kucheza ngoma ni mazoezi ya mwili yasiyohitaji kiwanja cha mazoezi wala viatu maalumu, na mwanamke ambaye hawezi kushawishiwa kukimbia barabarani alfajiri atacheza kwa nusu saa bila kuombwa mara ya pili. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walioripoti juu ya wazee 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75 waligundua kwamba, kati ya shughuli zote za kutumia mwili walizozichunguza, kucheza dansi ndiko pekee kulikoambatana na hatari ndogo ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Hata hivyo naamini sehemu kubwa zaidi ya manufaa imo katika kujuana. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na wengi wao wamehamia kutoka kwingine, wamepanga chumba, wanatoka alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku, wakiwa na majirani ambao hawajui hata majina yao. Mtu wa namna hii akipata presha, akifiwa au akipigwa na mumewe, hana wa kumgongea mlango. Watafiti wa Oxford walilinganisha madarasa ya watu wazima yaliyodumu miezi saba, mengine ya kuimba na mengine ya ufundi wa mikono au uandishi, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba walioimba walizoeana haraka zaidi mwanzoni, lakini mpaka mwisho wale wa ufundi na uandishi nao walikuwa wamefikia ukaribu uleule. Kwangu mimi matokeo haya yanatosha kuamua namna ya kupanga fedha zenu: wimbo hufungua mlango upesi, lakini ukaribu unaomsaidia mtu siku ya shida hujengwa kwa kukutana tena na tena, iwe kwa wimbo au kwa kusuka mkeka.

Na hili si jambo geni kwetu. Miji ya pwani ilikuwa na vyama vya ngoma muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuandika ripoti. Vyama vya beni, yaani ngoma za kuiga bendi za kijeshi, vilivyoenea tangu Lamu na Mombasa hadi bara mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vikiwa na pande zake mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti, vilijulikana kwa magwaride na mashindano ya mavazi, lakini nyuma ya magwaride hayo kulikuwa na michango ya kumzika mwanachama, kumuuguza mgonjwa na kumpokea mgeni aliyefika mjini hana ndugu. Wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake ya pwani, vyenye viongozi, sare na michango. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na aliwafikia wanawake wengi kwa haraka kwa sababu vikundi vya ngoma vilikuwa tayari na viongozi, wanachama na desturi ya kukutana. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa ni cha ukoo huohuo. Tayari mnakutana kila wiki, mnanunua hisa, mna mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa. Kinachokosekana ni ile ngoma.

Kwa hiyo msianzishe kitu kipya pembeni. Ongezeni saa moja kwenye siku ileile ya mkutano, kabla ya hesabu za hisa na si baada yake, maana baada ya hesabu kila mtu ana haraka, na mwenye deni hana moyo wa kuimba. Waalikeni majirani wasio wanachama wahudhurie saa hiyo bila kudaiwa kiingilio wala hisa. Muda wa saa 10 hadi saa 11 jioni unafaa, jua likiwa limepungua na chakula cha usiku bado hakijawekwa jikoni. Wakati wa masika hamieni kwenye baraza au darasa la shule ya msingi kwa makubaliano na mwalimu mkuu.

Kuhusu aina ya sanaa, chagueni mbili na mkae nazo. Moja iwe ya sauti na mwili: wimbo wa kupokezana, lelemama, vugo, au ngoma yoyote ambayo wengi wenu mmeikuta kwa mama zenu, na kwa kuwa Mbagala ni mkusanyiko wa Wazaramo, Wandengereko, Wamakonde, Wamwera na wengine wengi, kila wiki mmoja afundishe wimbo wa kwao huku wengine wakiitikia. Nyingine iwe ya mikono, na hapa ningependekeza kusuka ukili, yaani ukanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Nimekaa mara nyingi na wanawake wanaosuka, na jambo ninaloliona kila mara ni hili: mikono ikishika miyaa, macho yakitazama mshono, mtu huzungumza asiyoweza kuyazungumza akitazamwa usoni. Anaanza kwa kulalamikia rangi iliyochujuka, anahamia bei ya mkindu, kisha bila kuinua kichwa anasema kwamba ana wiki tatu hapati usingizi. Hakuna dodoso litakaloyapata hayo. Isitoshe, ukili una kasi yake. Anayeanza atasuka pingili fupi iliyopinda, jirani yake ataifumua na kumwonyesha tena, na mpaka mwisho wa miezi mitatu kutakuwa na mkeka ambao kila mmoja anaujua ukanda wake.

Kosa ambalo wafadhili wengi wanalipenda ni kuigeuza sanaa kuwa bango la afya, yaani ngonjera za "nawa mikono" na "punguza chumvi" zinazosomwa na watoto waliosimamishwa juani mbele ya meza kuu. Watu wa Mbagala wanajua kwamba chumvi nyingi si nzuri. Wasichojua ni jinsi ya kupika chungu kimoja kwa ajili ya mgonjwa wa presha na watu wengine saba wasiotaka mchuzi usiokolea chumvi. Kwa swali la namna hii, maigizo shirikishi yanafaa kuliko hotuba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, na baadaye sehemu nyingine, kwa mtindo ambao wanakijiji wenyewe walichunguza tatizo lao, wakaligeuza kuwa mchezo na ngoma, wakauonyesha na kuujadili. Nchini Uganda, shirika la TASO lililoanzishwa mwaka 1987 lilikuwa na vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walioimba, kuigiza na kueleza maisha yao hadharani katika miaka ambayo wengi waliogopa hata kulitaja jina la ugonjwa huo. Nguvu ilikuwa katika kwamba msemaji alikuwa mwenye jambo lenyewe.

Ninyi mnaweza kufanya hivi. Tungeni kisa kifupi cha dakika 10: mama ameandikiwa dawa za presha, amezimeza mwezi mmoja, anajisikia vizuri, jirani anamwambia dawa hizo zikizoeleka huziachi tena, naye anaziacha ili fedha zitumike kwa ada ya mtoto. Pale anapofunga kabati la dawa, mwongozaji asimamishe mchezo na kuwauliza waliokaa: ungekuwa wewe ni jirani yake, ungesema nini? Anayejibu asiishie kujibu akiwa ameketi, bali ainuke aingie mahali pa jirani na kuujaribu ushauri wake mbele ya mama yule mkaidi. Mara nyingi ushauri wa kwanza hushindwa, na wa pili pia, kwa sababu mama ana hoja za kweli kuhusu fedha. Hapo ndipo kikundi kinapoanza kutafuta njia kwa dhati, kwa mfano kama mfuko wa jamii unaweza kumkopesha fedha za dawa bila riba. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awepo, lakini azungumze mwishoni, asahihishe yaliyopotoka na si zaidi.

Sasa kuhusu turubai la vipimo, ambalo naliunga mkono kwa masharti. Kipimo cha presha kinachochukuliwa kwa mtu aliyetoka kucheza ngoma hakina maana, kwa kuwa ngoma hupandisha presha kwa muda hata kwa mzima wa afya. Wapimeni watu kabla ya ngoma kuanza. Anayepimwa awe amekaa kimya kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunjana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda umefungwa juu ya ngozi na si juu ya mkono wa gauni, na asizungumze wakati mashine inafanya kazi. Awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na kibofu chake kisiwe kimejaa. Kwa mwenye mkono mnene mnahitaji mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo hutoa namba kubwa kuliko hali halisi, na wanawake wengi wa mjini wameshatishwa bure na mikanda midogo. Pimeni mara mbili, mkiacha dakika moja au mbili katikati.

Ikiwa namba ni 140 kwa 90 au zaidi, msimwambie mtu kwamba ana ugonjwa wa presha. Mwambieni kwamba kipimo cha leo kiko juu na kinahitaji kurudiwa siku nyingine, kisha mwandikieni kwenye karatasi tarehe, namba na jina la zahanati. Ikifika 180 kwa 120, mpumzisheni na kumpima tena. Ikibaki hapo apelekwe kuonana na mganga siku hiyohiyo, na akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kikali, kuona ukungu, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, gari litafutwe mara moja. Hapa utaona tena ubaya wa tamasha la siku moja: watu watapimwa, watapewa karatasi, turubai litakunjwa, na hakuna atakayejua nani alifika zahanati. Mkikutana kila wiki, mtamwona mama yuleyule wiki inayofuata na kumuuliza kwa upole kama alikwenda. Vipimo vifanyike pembeni, mbali na masikio ya watu, na namba ya mtu isitangazwe hata kwa kumpongeza.

Ukifungua nafasi ya watu kuzungumza, yatatoka mazito. Kikundi chenu kiwe na watu wawili waliokubalika kwa kutunza siri, wanaojua afisa ustawi wa jamii anapatikana wapi, dawati la jinsia na watoto la polisi liko kituo gani, na huduma ya afya ya akili ya karibu inatolewa siku zipi. Mtu asilazimishwe kusimulia, na asiyetaka kuimba aachwe asuke. Anayesema kwamba amechoka kuishi asiachwe arudi nyumbani peke yake kwa matumaini kwamba nyimbo zimemtuliza. Apelekwe hospitali na mtu anayemwamini. Sanaa hukaa kando ya matibabu na humsaidia mtu kuyafikia na kuyavumilia, lakini haichukui mahali pa dawa wala pa mtaalamu, na anayewauzia imani hiyo msimpe nafasi.

Suala la kelele halihitaji maneno mengi. Mtaa ambao umekesha na vigodoro unajua maana ya kukosa usingizi kwa sababu ya spika za jirani, na shughuli iliyotangazwa kuwa ya afya haipaswi kuwanyima wagonjwa na watoto usingizi. Kwa watu 40 au 60 hamhitaji spika kabisa. Siku ya mwisho mkiikodi, ifungwe kabla ya saa 1 usiku na sauti idhibitiwe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu maeneo ya burudani unaweka wastani wa juu kabisa kuwa desibeli 100 kwa dakika 15, na huo ni ukomo kwa watu wazima walioamua wenyewe kwenda kwenye ukumbi, si kiwango cha kukilenga mbele ya nyumba za watu. Kwa ruhusa, anzeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wake, kisha afisa utamaduni wa manispaa, ambaye atawaeleza kama siku ya jukwaa inahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na taarifa kwa polisi. Mzungumzeni pia na imamu na mchungaji wa jirani kabla tetesi hazijawafikia. Wengi wao wana madrasa yenye kasida au kanisa lenye kwaya, na wakishirikishwa katika kupanga saa na mavazi huwa watetezi wenu.

Kwenye fedha, nina maoni makali kidogo. Msanii mwenye jina kwa siku moja anaweza kumeza sehemu kubwa ya bajeti yote, wakati fedha hizo zingemlipa kwa heshima mwongozaji mmoja mwenye ujuzi kwa miezi mitatu. Mtafuteni miongoni mwa waliosoma Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa kimetoa wachezaji, wapigaji na waigizaji wengi ambao wako mjini na hawana kazi za kudumu, au muulizeni mzee wa ngoma wa mtaani kwenu, ambaye pengine ni bora kuliko wote. Mlipeni kwa kila kipindi alichofundisha, kwa maandishi. Mwongozaji asiyelipwa huacha kuja wiki ya nne, na wiki ya nne ndiyo watu wanaanza kuzoeana. Fedha nyingine ziende kwenye miyaa na rangi, maji ya kunywa, mashine mbili za presha zenye mikanda ya ukubwa tofauti, nauli ya mhudumu wa afya, na mtu wa kuwaangalia watoto, kwa maana mama mwenye mtoto wa miaka miwili asiye na wa kumshikia hawezi kucheza wala kusuka.

Mfadhili atataka matokeo, na ni haki yake. Shirika la Afya Duniani lina kipimo kifupi cha maswali 5 kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita: kama amekuwa mchangamfu, mtulivu, mwenye nguvu, anaamka akiwa amepumzika, na kama siku zake zimejaa mambo yanayompendeza. Kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla huzidishwa mara 4 ili ipatikane alama ya juu ya 100, na anayepata 50 au chini ya hapo anastahili kuzungumzwa naye kwa makini zaidi. Waulizeni wiki ya kwanza na wiki ya mwisho, faraghani, na asiyejua kusoma asomewe. Pamoja na hayo wekeni daftari la mahudhurio, na kila mwezi mtu mmoja awatembelee walioacha kuja awaulize sababu. Mkiwahesabu waliobaki peke yao mtapata picha nzuri isiyo ya kweli, kwa sababu aliyeacha huenda ndiye aliyeelemewa zaidi. Msiahidi kwamba presha ya mtaa itashuka ndani ya miezi mitatu. Ahidini vitu mnavyoweza kuvihesabu: watu wangapi walikuja zaidi ya mara sita, wangapi waliopatikana na kipimo cha juu walifika zahanati, wangapi alama zao zilipanda na wangapi zilishuka.

Katika barua kwa kampuni hiyo, usianze kwa kulikataa pendekezo lao. Waambie kwamba mnawapa siku ya jukwaa waliyoiomba, ila iwe ya wiki ya 12, na kwamba watakaopanda jukwaani ni watu wa mtaa wenye nyimbo na mchezo walioutunga wao, huku mikeka ikiwa imetandikwa mbele kwa ajili ya wageni. Mganga mfawidhi na mwakilishi wa kampuni wakae kwenye mikeka hiyo pamoja na wazee, kusiwe na meza kuu, na jina la kampuni liandikwe kwenye bango moja la ukubwa wa kawaida. Wakikubali, anzeni wiki inayofuata hata kama mko wanane. Wakikataa na kushikilia msanii wao, bado mna siku yenu ya mkutano, mna sauti zenu, na miyaa ya kuanzia haizidi uwezo wa mfuko wenu wa jamii.